Watu Waone

Kamis aliuza vipuri vya bodaboda kando ya barabara, soko la Nateete, Kampala. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye sauti nzito, na hapo sokoni hapakuwa na mtu wa kumchezea. Siku askari walipokuja kuwaondoa wachuuzi barabarani, aliuliza tu kwa nini wanabeba mali yake. Askari mmoja alimwangusha, akamchapa fimbo mpaka Kamis akalia, "Afande, niachie! Mimi mtoto mdogo!"

Ayaa, mfanyakazi wa shirika la haki za binadamu, alikuwa ghorofani ng'ambo ya barabara. Alirekodi yote kwa simu. Kesho yake alimfuata hospitali ya Mulago, alikolazwa akiwa amevunjika mkono.

"Kaka, video hii tukiiweka mtandaoni hawataweza kukana. Uso wako tutauficha."

"Weka," alisema Kamis. "Watu waone."

Ofisini, wenzake Ayaa wakasema uso ukifichwa watu watadai ni uongo. Ayaa akaiweka ilivyo, bila kumuuliza tena.

Watu wakaona. Mwanzoni walikasirika, halafu wakaanza kucheka. "Mimi mtoto mdogo" ikatiwa muziki, ikawa stika ya WhatsApp. Wateja walimuuliza bei ya breki kwa sauti ile ile ya kulia. Mke wake, Zubaida, alimkuta binti yao akiitazama kwenye simu ya jirani huku watoto wenzake wakimzunguka.

Kamis alikwenda kwa Ayaa. "Dada, iondoe."

"Ya kwetu naweza kuiondoa. Ila imeshasambaa, na mahakamani ndiyo ushahidi wetu. Vumilia kidogo."

Askari alishtakiwa. Mahakamani video ilichezwa kwa sauti ya juu. Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, wengine wakamfuata, hata karani akainamisha uso kuficha kicheko. Wakili wa askari alisimama.

"Bwana Kamis, una miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Kumbe siku ile ulimdanganya afande. Na leo unatudanganya nini?"

Hakimu aliwanyamazisha watu, lakini Kamis alikuwa ameshatoka kwenye kizimba cha shahidi, mkono mbovu ameubana kifuani. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu. Hakurudi tena. Kesi ikafutwa kwa kukosa mlalamikaji, na askari akarudi kazini.

Ayaa alipofika nyumbani kwa Kamis, alimkuta Zubaida peke yake, akikunja nguo na kuzipanga kwenye sanduku.

"Kamis yuko wapi?"

"Amekwenda Juba. Alisema kule hawamjui." Zubaida hakuinua macho. "Alipiga simu jana. Walimtambua ndani ya basi, hata mpaka hajaufikia."

Ayaa alitoa simu yake. "Nipe namba yake mpya, dada. Tafadhali."

"Ya nini? Kuna nyingine mnataka kuiweka?"

Zubaida akachukua gauni la mtoto, akalikunja.