Siku Nazarali Alipoitwa Nyinyi

Uligeuza uso, jirani. Ulijifanya unatafuta funguo asubuhi ya leo, Nazarali alipokuwa akipanda ngazi za chumba chake cha chini kwa magongo, binti yake nyuma amebeba godoro. Nilikuona.

Miaka yote aliyolinda jengo letu hapa Isfahan tulimwita "wewe". Wewe, fagia! Wewe, bomba limeziba! Kwetu, ukiacha marafiki kama mimi na wewe, neno hilo ni la mtoto, la paka, na la Mwafghani kama yeye, hata akiwa na mvi. Mtu wa heshima, ingawa ni mmoja, huitwa "nyinyi". Nazarali alimwita nyinyi hata mtoto wa Mhandisi Keshmiri, ambaye bado ananyonya kidole.

Kisha akaanguka kutoka darini akitengeneza tangi letu la maji, akavunjika mguu. Jana jioni tukamwita kwenye kikao cha wakazi.

"Kaeni, Bwana Nazarali, tafadhali kaeni," Mhandisi akasema, akimsogezea chai kwa mkono wake. "Nyinyi ni taji la vichwa vyetu."

Mzee akabadilika rangi. Kwa heshima ile ya ghafla akajua anafukuzwa.

"Tumepata mlinzi mwingine, huyu ana miguu," Bi Talaat akadakia, na watu wakacheka. "Lakini kile chumba cha chini ni chenu, wallahi. Bakini tu!"

"Sitaki kuwasumbua, bibi. Mungu awazidishie."

Basi! Nani kati yetu hajui kwamba anayekataa mara ya kwanza anangoja aombwe tena? Hata sahani ya wali hatuipokei bila kusihiwa. Tumelelewa hivyo, na yeye amezeekea humo humo. Lakini jana hakuna aliyemsihi mara ya pili.

Nazarali akangoja, akitutazama mmoja mmoja. Mimi nikabana kipande cha sukari kwenye meno, nikanywa chai polepole, nipate sababu ya kutofungua mdomo.

"Haya," Mhandisi akasema, "kama nyinyi wenyewe mmeamua hivyo, hatuwezi kuwalazimisha."

Wako stendi sasa, yeye na binti, na basi la kwenda mpaka wa Afghanistan linaondoka jioni. Usiniambie alikataa mwenyewe. Nimeshawasha gari. Waite Keshmiri na Talaat, twende tukamsihi mara ya pili, mara ya tatu, mbele za watu, mpaka akubali. Vaa viatu. Shuka!