Valentine Asimulia Mara Moja

Sella alifundisha Sunday school huko Kawangware, na kwake yeye mtoto hasimami mbele ya watu bila kukaririshwa. Kwa hiyo siku nzima kabla ya kwenda kituoni alimkaririsha Valentine, mtoto wa marehemu dada yake, jinsi Anko Ambrose alivyomchoma mgongoni. Jumamosi. Jikoni. Mwiko wa moto. Haya, tena, kutoka mwanzo. Valentine, wa miaka minane, aliyarudia mpaka yakanyooka, na Sella akajipongeza moyoni.

Hakuwa mjinga, alikuwa na hofu. Ambrose, ndugu wa baba yake Valentine, ndiye aliyekuwa akimlea mtoto huko Gatwekera, mtaa wa Kibera, na Gatwekera nzima ilimjua kama mtu wa watu, mpokea wageni kanisani. Sella aliliona kovu siku mtoto alipokuja kumtembelea, akakataa kumrudisha. Polisi wasipoamini, angelazimika kumrudisha.

Kituo cha jamii kilikuwa Kibera, nyuma ya wauza samaki wa omena wa Kisumu Ndogo. Bakhita, mama wa Kinubi aliyekuwa mshauri wa watoto pale, aliwapa chai, akaeleza utaratibu. Mtoto angesimulia mara moja tu, kwenye chumba chenye mkeka na wanasesere, akiwa na Bakhita peke yake. Afisa Muchiri wa polisi, bila sare, angesikiliza kwa spika chumba cha pili, ili mtoto asizungushwe huku na huku akirudia mambo yaleyale. Sella angengoja barazani.

Hakungoja sana. Bakhita alitoka na uso usiosomeka.

"Mama Sella, mtoto amesimama wima, mikono nyuma, akaniambia kila kitu na pumzi moja. Nikimuuliza swali, anaanza tena kutoka mwanzo. Ni wewe ulimfunza?"

Sella angeweza kukana, na kwa kweli neno la kukana lilimfika mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka asikosee."

"Na hiyo Jumamosi ulitoa wapi? Mwiko je?"

"Nilikisia tu. Yeye alikuwa ananyamaza. Sasa nimemharibia?"

"Ungenificha ndio ungemharibia. Kuja umwambie Muchiri, halafu umwambie mtoto."

Muchiri alisikiliza bila kukunja uso. Kisha Sella akapiga magoti mkekani mbele ya Valentine. "Val, sahau zile nilikufunza. Sema vile wewe unajua. Hata kama ni mimi nilikosea, sema nilikosea. Sitakasirika." Akatoka, akakaa barazani akijilaani kwa kiherehere chake, chai ikipoa mkononi.

Safari hii walikawia. Aliyetoka kwanza ni Muchiri.

"Haikuwa Jumamosi," alisema, "na haikuwa mwiko. Ilikuwa Jumapili watu wakiwa kanisani, Ambrose akabaki nyumbani, na alitumia pasi ya makaa. Kovu lina ncha ya pasi, daktari wa polisi aliyempima juzi aliandika hivyo hata kabla hatujajua. Jirani mwenye alimpaka dawa, mtoto amemtaja, na nimempigia simu akakubali kwamba ni kweli. Ambrose tunamshika leo. Afisa wa watoto amesema Valentine abaki na wewe."

Sella alilia palepale, wala hakujificha. Alikuwa amebeba mzigo huo kifuani kwa majuma, na sasa ulikuwa umeshuka, na kifua kilikuwa chepesi mpaka kikamshangaza.

Valentine akatoka ameshikwa mkono na Bakhita. Hakumkimbilia Sella. Alimtazama Muchiri, ambaye Bakhita alikuwa amemweleza kuwa ni polisi, akamtazama Sella na machozi yake, akasita.

"Anti, wamekushika?"

"Mimi? Kwa nini wanishike?"

"Anko alisema nikisema, wewe ndio utafungwa."

Kumbe kunyamaza kote kule, mtoto alikuwa akimlinda Sella.

"Hakuna mtu ananishika," alisema Sella. "Tunaenda nyumbani, mimi na wewe."

Valentine hakuridhika na neno la anti peke yake. Alimgeukia Muchiri, akangoja mpaka polisi akaitikia kwa kichwa. Ndipo akashusha pumzi, akaja akaegemea paja la Sella, akasema ana njaa.