Mgongo kwa Mgongo

Kwa miaka mingi Mzevinar hakutambua kwamba wanafunzi wake hawakuwa wakisikilizana. Alifundisha Kiingereza cha kompyuta katika chuo kimoja cha mji wa Kutaisi, na zoezi alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili: wawili huketi wakipeana mgongo, mmoja akaeleza kwa Kiingereza mchoro wa mtandao wa kompyuta kutoka kitabuni, mwenzake akauchora kwa kusikia tu. Michoro ilitoka sahihi, alama zikawa nzuri, na za Tekla zilipita za wote.

Kwa hiyo Tekla alipomweleza jinsi usaili wake wa kazi, kwa Kiingereza, na kampuni moja ya mjini Tallinn ulivyokwenda, Mzevinar hakuyaamini masikio yake.

"Walinionyesha mtandao uliokatika, mwalimu. Wakaniuliza tatizo liko wapi. Nililiona kabisa, nikabaki nimeduwaa."

"Lakini maneno yote unayajua, mwanangu."

"Nayajua kwa mpangilio wa kitabu."

"Kasuku wetu katolewa tunduni!" Tsotne, mwenzake wa zoezi, alitania kutoka nyuma ya darasa.

"Wamenipa nafasi moja tu tena, mwezi ujao," Tekla alisema.

Mzevinar alinakili mchoro wa kitabu, ila akaacha wazi sehemu moja: waya uendao kwenye seva. Akampa Tekla, akamketisha Tsotne nyuma yake. Tekla alieleza kwa kusitasita, lakini alisema wazi kwamba waya ule haupo. Tsotne alikuwa amekwisha kuchora kabla Tekla hajamaliza, na mchoro wake haukuwa na pengo lolote.

"Mbona seva umeiunganisha?"

"Si ndivyo ilivyo, mwalimu?"

"Tekla kasema nini?"

Tsotne aliinamisha kichwa. "Sikuwa namsikiliza. Hii michoro tunaijua sote, tangu somo la mitandao la mwaka wa kwanza."

"Yaani siku zote hizo naongea na mgongo wako, we Tsotne?" Tekla aliuliza.

Mzevinar aliketi. Alama zile zote alikuwa amezitoa yeye, kwa moyo mweupe.

Tangu juma lile kitabu kilibaki kabatini. Kila mwanafunzi alikuja na mchoro wake mwenyewe, wenye kasoro aliyoificha, na mwenzake alipaswa kuuliza mpaka aigundue. Alama za darasa zilishuka. Katika usaili wa pili Tekla alikwama, akauliza, akaendelea, na kampuni ikamchukua.