Nta ya Kashindye

Harufu ya kwanza ilikuwa ya asali. Ya pili ilikuwa ya waya unaoungua, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Moshi ulipanda kutoka kwenye redio, maji yakaendelea kudondoka, na mimi nimeshika kipaza sauti mdomoni kama mtu aliyeambiwa aimbe akasahau wimbo.

Mwaka sabini na sita nilikuwa mpima maji katika tambarare za Usangu. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma kina cha mto asubuhi na jioni kwenye nguzo iliyochorwa namba, kisha kukitaja kwa redio ofisini Iringa. Basi. Nilizaliwa Rungwe, kwenye mvua na migomba na watu wanaosalimiana mpaka unachoka. Kule Usangu niliweza kukaa siku tatu bila kusikia jina langu. Upweke ule sitaki kuupamba. Ulikuwa unauma.

Sauti pekee iliyonijua ilikuwa ya Mwantumu, aliyepokea namba zangu huko Iringa. Wazazi wake walitoka pwani, na alinyoosha Kiswahili changu bila kunicheka. Alichokicheka ni jina.

"Andendekisye! Jina lako peke yake linamaliza betri, kaka. Nitakuita Ande. Ova."

Sikuwahi kumwona.

Tatizo lilikuwa joto. Saa kumi jioni kibanda changu cha mabati kilichemka, na redio ile ya zamani ilivumilia dakika nne tu za maongezi. Transista zake nne za kurushia sauti zilipata joto kali, sauti ikakatika, nami nikangoja hadi kesho. Dakika nne! Namba za mto zilikula moja. Nilijaribu kuzipepea kwa kofia, wapi. Kuzimwagia maji nilitamani, ila hata mtoto anajua maji na umeme havikai pamoja.

Jirani yangu alikuwa Kashindye, mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, nyumba yake mwendo wa saa nzima kutoka kwangu. Siku moja nilimkuta anaziba ufa wa kibuyu cha maziwa kwa nta ya nyuki, anaipasha motoni na kuipaka kwa kidole. Akakijaza maji, akakining'iniza. Hata tone. Nikarukwa na furaha. Kama nta inazuia maji yasitoke, basi itayazuia yasiingie! Ningezifunika transista kwa nta, pamoja na nyaya zake zote, halafu niyaachie maji ya mtungi yazidondokee moja kwa moja.

"Chukua," Kashindye alisema, akinipa bonge. "Ila kibuyu hiki hatutii maziwa ya moto, bwana maji."

"Mzee wangu, fundi hapa ni mimi," nikamjibu. Nilikuwa nimesoma kozi ya miezi mitatu, unategemea nini?

Na ikafanya kazi, jamani. Siku ya kwanza mimi na Mwantumu tuliongea dakika kumi, ya pili robo saa. Aliniambia jinsi baridi ya Iringa inavyomgandisha vidole kwenye kalamu. Nilimwambia kuhusu viboko, nikawaongezea ukubwa. Nikaanza kunyoa ndevu kabla ya saa kumi, kwa ajili ya mtu asiyeniona.

Siku ya tisa hakuanza na kina cha mto. Alizungukazunguka, dakika ishirini nzima, kisha akasema, "Ande, nimepewa uhamisho wa Tanga. Nina wiki moja ya kujibu, na naweza kukataa. Sasa sema wewe. Niende, au nibaki? Ova."

Jibu nilikuwa nalo tangu mwezi wa nane. Lakini redio ilikuwa imeshawaka muda mrefu, na niliogopa isije ikanikatia neno hilo katikati. Nikabonyeza. "Subiri kidogo, Mwantumu." Nikaachia, nikafungua zaidi kibomba cha mtungi.

Nta ilikuwa imezuia maji yasiingie, ila ilizuia pia joto lisitoke. Chini yake transista zilikuwa zinapikika siku zote tisa, zinailainisha kutoka ndani, mpaka jioni ile ikaachia. Maji niliyoyaongeza yakapita papo hapo. Nilibonyeza tena, nikasema, "Baki." Niliendelea kusema mpaka moshi ukanitoa nje nikikohoa na kulia. Ng'ombe waliokuwa wakinywa mtoni waliinua vichwa, wakanitazama.

Ninacho kipande cha nta ile hadi leo. Kina alama ya kidole changu.

Mvua zilikuwa zimeanza na barabara imekatika. Nilifika Iringa siku ya kumi na tatu baada ya moshi ule, tope hadi magotini, redio iliyokufa ikiwa kwapani. Kwenye meza ya mawasiliano alikaa karani mgeni, jina lake Philbert.

"Mwantumu yuko wapi?"

"Amehama juzi. Tanga. Wewe nani?"

Nikataja jina langu lote. Hakucheka. Alinisogezea kitabu cha mawasiliano niandike ubovu wa redio, nami nikafungua kurasa za nyuma. Mwandiko wa Mwantumu ulikuwa mdogo, umeinama kidogo. Kila siku saa kumi: *Kituo cha mto. Nimeita. Hakijibu.* Hata Jumapili, siku ambayo ofisi hufungwa. Wiki aliyopewa ilikwisha, akaendelea kuita siku tatu zaidi. Mstari wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko mingine: *Nimeita. Hakijibu. Aliniambia nisubiri. Nimesubiri.*

Chini yake nikaandika *Baki*, nikaweka tarehe na saa kama tulivyofundishwa.

"We! Kitabu cha serikali hicho," Philbert akafoka.

Nikamwomba radhi. Akavuta kitabu chake, akauliza kina cha mto kilikuwaje nilipoondoka. Nikamtajia.