Mtihani wa Ubongo wa Fundi Saa

Kichaa? Nani kakudanganya? Fundi Saa hakupata kichaa hata siku moja. Ubongo wake ulifelishwa mtihani, basi. Na kama kufeli mtihani ni ugonjwa, wengi tungekuwa tumelazwa.

Ilianza na miwani. Aliisahau ndani ya kopo la sukari. Mara ya pili akaiweka humo humo, mkewe akasema afadhali, sasa tunajua pa kuitafuta. Lakini binti yao mkubwa, mwalimu, mtu wa kusoma kila kijikaratasi, akasema ubongo wa baba umeanza kusinyaa. Akamtafutia daktari. Kabla hawajatoka akachukua ufunguo wa kibanda cha saa, akautia mkobani.

"Majibu yakiwa mabaya, baba, kazi basi. Unapumzika nyumbani."

Fundi akajiona kama kavuliwa suruali mbele za watu. Miaka arobaini na mbili kashinda kibandani. Nyumbani angefanya nini, ahesabu mbao za dari?

Daktari alikuwa kijana, ndevu zake za kuhesabu. Mezani ana ubongo wa plastiki unaofunguka vipande vipande. Akaanza somo: huku ndani ndiko kunakotunza kumbukumbu, hapa mbele ndipo pa kuamua na kujizuia, na hapa mbele hapakomai mpaka mtu agonge miaka ishirini na mitano hivi.

"Na wewe una mingapi, mwanangu?" Fundi akauliza.

"Ishirini na sita, mzee."

"Ala. Kumbe wa kwako umeepuliwa juzi tu, bado wa moto."

Binti akafumba macho kwa aibu.

Daktari akamtajia maneno matano ayakumbuke, akakumbuka manne. Halafu akampa karatasi. "Chora saa, mzee. Tia namba zote, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi."

Fundi nusura acheke. Akavuta duara safi, akapanga namba, akatia mishale, akaisogeza karatasi kwa madaha.

Daktari akaitazama, akaigeuza juu chini, akairudisha. Namba zilikwenda kinyumenyume: moja iko kushoto, kumi na moja iko kulia.

"Una hakika, mzee?"

"Kukushinda wewe."

Kijana akaandika maneno marefu, kisha akamwambia binti, kwa sauti ya msibani, kwamba ubongo huenda umepoteza hesabu ya wapi ni wapi. Warudi wiki ijayo.

Nyumbani walikuta chakula kiko mezani. Fundi akagoma kukaa. Hali kitu mpaka apewe ufunguo wake. Na yeye akisimama, nani atakaa?

Binti akamwonyesha mama yake karatasi. "Jionee, mama. Hata saa haijui."

Mama akaikazia macho. "Mwalimu mzima wewe. Baba yako saa anazionea wapi?"

"Kibandani."

"Zinamtazama usoni?"

Binti akaitazama tena karatasi.

"Zimelala kifudifudi, mfuniko wazi, matumbo nje. Miaka yote hiyo huyu anazichungulia makalio. Mkamwambia achore saa, kachora ile anayoijua."

Akaigeuza karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapenya, na saa ikatokea kwa nyuma, moja kulia, kumi na moja kushoto, saa tano na dakika kumi bila kupinda.

Fundi akasogea kuangalia. "Alaa," akasema. "Kumbe alitaka upande wa wateja."

Binti akampigia daktari simu. Kijana akacheka, akasema mzee arudi tu wapime vizuri, ila asiachishwe kazi kwa ajili ya mchoro ule.

"Baba, nisamehe," binti akasema, akautoa ufunguo mkobani.

"Ubongo wako hauna neno, mama. Una haraka tu," Fundi akamjibu, akautia mfukoni na kuupigapiga.

"Mmemaliza kupimana?" mama akauliza. "Mchuzi umeganda."

Fundi akavuta kiti, akakaa. Ndipo na wengine wakakaa, wakanawa, wakala.