Kufuli la Kabati la Chanjo

Saa mbili asubuhi muuguzi Agneta Nakhungu alikuwa ameshapima joto la watoto kumi na mmoja kwa kipimajoto kimoja. Alikifuta kwa pamba yenye spiriti, na hiyo spiriti aliiongezea maji ili ifike mwisho wa wiki. Mafuta ya taa ya jiko la kuchemshia sindano yaliisha Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Barua zake mbili za kuomba mafuta zilikuwa bado mezani kwa mkubwa wake, chini ya kikombe cha chai.

Wa kumi na mbili alikuwa Apiyo, pacha wa miaka mitatu, aliyebebwa mgongoni na mama yake Dorca kutoka mtaa wa Manyatta. Kipimajoto kilisema arubaini na nusu.

"Alianza lini?"

"Juzi, Sista. Jana nikampeleka hospitali huko mjini, wakasema kwinini iko lakini sindano hakuna, nikanunue yangu. Na mimi niko na yangu nyumbani! Nikaona leo nije hapa karibu."

Alifungua fundo la leso. Ndani kulikuwa na bomba la plastiki lililofutika namba, na sindano moja iliyochomekwa kwenye kipande cha gunzi la mahindi.

"Hii imeshachoma nani?"

"Watoto wangu tu. Apiyo na Adongo."

"Dorca."

"Na wa Salme, mlango wa tatu. Na yule wa Ogola, lakini mara moja tu, kabla hajakufa. Naosha na sabuni, Sista! Na maji moto!"

Agneta alimjua mtoto wa Ogola. Alikonda mpaka ngozi ikamzidi mwili, na baba yake alikuwa amemtangulia kaburini miezi minne.

"Hii siwezi kuitumia, mama."

"Ile ya kwa Ogola ilikuwa chira," Dorca akasema, sauti ikishuka. "Ogola alijenga nyumba kabla kaka yake mkubwa hajajenga, akavunja mwiko, laana ikamshika yeye na mtoto. Kila mtu anajua. Chira haiingii na sindano, Sista."

Agneta angemwambia nini? Serikali ilimpeleka semina ya siku mbili kuhusu ukimwi, ikampa chai, ikampa cheti, sindano haikumpa. Alimlaza Apiyo kwenye benchi, akamwekea kitambaa cha maji, akampondea kidonge cha homa. Mtoto alikitapika.

Na sindano zilikuwepo! Hilo ndilo lililomuuma. Nyuma ya mgongo wake, katika kabati la bati lenye kufuli, kulikuwa na katoni ya sindano mia tano za kutumia mara moja na kutupa. Zilikuwa za uzinduzi wa chanjo, kesho Ijumaa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Wepukhulu, daktari msaidizi na mkubwa wa kituo, aliyefika saa nne.

"Daktari, naomba sindano moja."

"Za kesho hizo."

"Moja tu. Ni malaria kali, ameanza kuweweseka."

"Sista Agneta, nimesaini mia tano. Wakubwa wa wilaya wanakuja na wageni na kamera, katoni itafunguliwa mbele yao. Wakikuta mia nne tisini na tisa, utaeleza wewe? Chemsha zile za kioo."

"Nichemshe na nini?"

"Tafuta namna."

Hakuwa mtu mbaya, Wepukhulu. Mwaka uliopita mwenzake alifukuzwa kazi kwa blanketi sita zilizopotea, na yeye alibakiza miaka miwili astaafu. Lakini mtoto anayeungua anajali nini kuhusu blanketi!

Agneta alitia mabomba ya kioo na sindano zake kwenye sufuria akatoka nje, langoni, kwa Selpha. Selpha alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki kiwandani baada ya nyama kukatwa ikapelekwa Ulaya. Mkokoteni wa mifupa ulikuwa haujafika, na jiko lake lilikuwa baridi.

"Weka, Sista, weka!" Selpha akasema, akishika upepeo. "Makaa ni yangu, si ya serikali."

Makaa yalikuwa yamenyeshewa usiku. Yalitoa moshi mwingi. Maji yalichukua karibu saa nzima kutokota, na ndipo Agneta akatazama saa iliyobanwa kifuani mwake. Dakika ishirini tangu kutokota. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa miaka kumi na minne hakupunguza hata moja.

Dakika ya nane Dorca alitoka mbio, Apiyo mikononi, macho ya mtoto yamegeuka meupe, mwili ukitikisika.

"Sista, choma na ile yangu! Mimi mama yake nimekubali! Choma!"

"Mlaze ubavu. Bado dakika kumi na mbili."

"Yawa, Sista, si unaona!"

Aliona. Aliliona gunzi mkononi mwa Dorca, akamwona mtoto wa Ogola, akamwona na huyu. Alimshika Apiyo kichwa, akamfuta povu, akahesabu.

Dakika ya kumi na saba Apiyo alitulia. Selpha ndiye aliyeelewa kwanza. Aliacha kupepea moto. Kisha kilio cha Dorca kikapanda, watu wakatoka kwenye foleni, na sufuria ikaendelea kutokota.

Labda kwinini isingemwahi. Labda ingemwahi kama angeipata saa mbili. Agneta hatajua mpaka afe.

Ndani, Wepukhulu hakumtazama usoni. "Pole, Sista. Andika kwamba aliletwa akiwa amechelewa."

Agneta alifungua kitabu. Aliandika: Amefika saa mbili. Amefariki saa tano na nusu, akingoja sindano.

"Futa hiyo."

"Ni wino, Daktari."

Hapo Dorca akaingia. Alikuwa amemfunga Apiyo mgongoni tena, kama alivyomleta, leso imefunika kichwa. Alinyoosha mkono.

"Sindano yangu imeangukia pale nje. Mwambie Selpha anirudishie. Anakataa."

"Ya nini sasa, mama?"

"Ya Adongo. Nimemwacha kwa Salme, na yeye anachemka tangu usiku. Mgongo wangu ni mmoja, Sista. Nilibeba aliyezidiwa."

Agneta alisimama. Aliinama mlangoni akaokota jiwe linalozuia mlango usijifunge.

"Sista Agneta!" Wepukhulu aliruka kitini. "Utafungwa! Unasikia? Utafungwa!"

Pigo la kwanza lilibonyeza bati. La pili, kufuli likafunguka likaanguka sakafuni. Mapigo mawili tu. Agneta alipasua katoni, akachukua sindano na mabomba ya kumtosha Adongo siku zote za dawa, na chupa ya kwinini kutoka rafuni, akaviandika vyote kitabuni na kutia sahihi yake.

Dorca alikuwa akilitazama lile kufuli chini. Hakuwa analia tena.

"Sista," akauliza, "kumbe lilikuwa jepesi hivyo?"

Agneta alitangulia kutoka, na Dorca akamfuata na mzigo wake mgongoni, njia ya Manyatta.