Pete Iliyosimamisha Treni

Siku ile moyo wangu haukutulia. Binti yangu Salha alinipeleka kwenye stesheni ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho ya reli, na mtunzaji akaniomba pete ya chuma ya marehemu mume wangu Kitwana, aliyekuwa mkuu wa stesheni hiyo hadi ilipofungwa. Enzi zao dereva hakuondoa treni bila kukabidhiwa pete ile. Ndiyo iliyokuwa idhini yake kwamba njia ni nyeupe, haina treni nyingine. Nilikataa. Nikaketi kwenye benchi la abiria, mkoba mapajani, nikivuta uradi kwa tasbihi, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo reli zake zimeota majani mororo, na stesheni imejaa watu waliochoka kungoja. Mwanamke mmoja alikalia masanduku yake, kajitanda kanga saba kwenye jua kali. "Mimi Choyo," akasema. "Njoo tubanane, shoga."

"Huoni joto, bibi?"

"Nikivua moja, utaivaa wewe."

Mzee mmoja aitwaye Subira, mrefu na mpole, akanishika mkono tukafuata mabehewa, ambamo Kiburi na Haraka walikuwa wakigombana, kila mmoja akimlaumu dereva. Nikamuuliza Subira wanangoja nini. "Mwanangu," akasema, "moto upo, maji yapo, njia nyeupe. Mwenye pete ndiye hajaitoa. Amana ukiifumbata mno huwazuia hata uwapendao." Nikatazama mkononi mwangu, nikaiona. Na kwenye dirisha la behewa, kofia kaiweka upande, alikuwepo Kitwana.

"Mama Salha," akanitania, "miaka sita umeniweka stesheni, hata chai hujaniletea."

Nikacheka huku nikilia. Choyo akanivuta nguo: "Ukiitoa, utabaki na nini?" Nikamnyooshea dereva pete, akaipokea kwa mkono, na treni ikaondoka taratibu, Kitwana akinipungia mpaka majani yakaifunika njia nyuma yake.

"Mama, amka, wanafunga," Salha akaniambia.

Nikaufungua mkoba, ndipo ikanijia: miaka yake yote ya kazi Kitwana hakupata kuifungia pete ile. Kila siku aliitoa, na kila siku aliitoa kwa furaha. Mimi ndiye niliyeilaza mkobani nikidhani ninamtunza.

Nikamwendea mtunzaji, nikaiweka mezani kwake. "Usiitie kwenye kabati la kioo," nikamwambia. "Iache watu waishike."

"Bibi, humu vitu haviguswi."

"Basi andika kwamba hii inaguswa. Imezoea kupokewa."

Akaishika yeye kwanza.